Nina miaka 71 na wakala amenikatalia bima kubwa. Je, bima iandikwe kwa jina la mwanangu?

"Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 71, naishi Moshi. Gari langu ni RAV4 ya mwaka 2004, nalitunza vizuri, na tangu nilinunue sijawahi kudai hata senti moja. Bima yake inaisha mwezi ujao. Safari hii nimepata wakala mpya, naye ameniambia kwa umri wangu kampuni haitoi tena bima kubwa, nichukue ndogo tu. Mwanangu anayeishi Uingereza anasema huko leseni ya mzee inakwisha akifika miaka 70 na bima inapanda, hivyo nisibishane. Mwingine aliyeko Dar es Salaam anataka bima iandikwe kwa jina lake, aonekane yeye ndiye dereva, halafu mimi niendelee kuendesha. Jambo jingine: mwaka jana nilitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto limeanza kuwa na ukungu. Wakala amesema hilo nisiliandike kwenye fomu, litaniletea shida. Sheria inasemaje kuhusu sisi wazee? Na nifanye nini?"

Shikamoo, Mwalimu. Katika yote uliyoyaandika, umri wako haukunishtua hata kidogo. Kilichonishtua ni lile neno la mwisho la wakala, kwamba habari ya jicho usiiandike. Nitafuata mpangilio wa swali lako, lakini tukifika kwenye jicho nakuomba usome taratibu, maana ni hapo bima za wazee wengi huvunjika bila wao kujua.

Tuanze na sheria. Kinacholazimisha gari kuwa na bima hapa Tanzania ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, nayo haidai mengi: gari lisiingie barabarani bila bima ya kumfidia mtu mwingine litakayemuumiza au kumuua. Hiyo ndiyo bima ndogo, ile ambayo trafiki huulizia stika yake. Bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe likigonga, likipinduka, likiungua au likiibwa, ni mapatano ya hiari. Kampuni inaweza kukukatalia, na wewe unaweza kwenda kubisha hodi kwingine. Hakuna kifungu kinachosema mtu akitimiza miaka 70 asikatiwe bima kubwa. Alichokuambia wakala ni utaratibu wa kampuni yake, kama kweli ni utaratibu. Mwombe akupe sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Nimeona mara nyingi mtu akiomba karatasi, sababu inabadilika.

Mwanao wa Uingereza hajakosea, ila anasema ya huko aliko. Kule leseni hufikia kikomo dereva anapotimiza miaka 70, na tangu hapo huihuisha kila baada ya miaka 3, akijaza mwenyewe kwamba afya na macho yake bado yanamruhusu kuendesha. Hata huko mzee hafukuzwi barabarani. Anaulizwa mara nyingi zaidi, basi. Kuhusu bei, kampuni za kule zina kumbukumbu za madai za miaka mingi, zimepangwa kwa umri wa dereva, mahali anapolaza gari, hata kazi anayofanya, na kila mtu hupewa bei yake. Kijana wa miaka 18 hulipa fedha nyingi mno, mtu wa miaka 55 hulipa kidogo, kisha kwenye miaka ya sabini bei huanza kupanda tena.

Nikueleze kwa nini inapanda, kwa sababu inakuhusu hata kama hapa hulipishwi kwa ajili hiyo. Wazee hawaendeshi kwa fujo. Kwa kawaida hawakimbizi gari, na ajali za ulevi kwao ni chache. Ajali zao zina sura nyingine: kwenye makutano ya barabara, wakati wa kukata kona kuvuka njia ya gari linalokuja, na wakati wa kurudi nyuma. Hizo ni sehemu ambazo dereva lazima aone vitu vitatu kwa mara moja na kuamua upesi. Halafu lipo la mwili wenyewe. Mgongano ambao kijana angetoka nao na michubuko unaweza kumvunja mzee mbavu na kumlaza hospitali wiki kadhaa. Kampuni ikiona umri, hayo mawili ndiyo inayoyahesabu.

Sasa turudi Moshi. Bei ya bima ya gari kwetu haijengwi hivyo. Kwa gari la binafsi, kiwango cha bima kubwa kinachojulikana ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake. Tuseme RAV4 yako ina thamani ya shilingi 13,000,000. Asilimia 3.5 ni shilingi 455,000, VAT ya asilimia 18 ni 81,900, jumla 536,900. Bima ndogo ya gari la binafsi ni shilingi 100,000, na ukiongeza VAT hiyo inakuwa 118,000. Itazame hesabu hiyo vizuri, Mwalimu. Umri wako hauonekani popote ndani yake. Mtu wa miaka 35 mwenye gari kama lako, kwa matumizi kama yako, anaanzia kwenye namba hizo hizo.

Aliyezeeka machoni pa bima ni gari. RAV4 ya 2004 imeshapita miaka 20, na kampuni nyingi huwa na kikomo cha umri wa gari kwa bima kubwa, zingine miaka 15, zingine zaidi kidogo kama gari limekaguliwa na kukutwa zima. Sababu ni rahisi kuielewa. Gari la zamani thamani yake imeshuka, lakini bei ya taa, bampa na rejeta haijashuka pamoja nayo. Kampuni inapokea ada ya gari la milioni 13 na inaweza kujikuta inalipa matengenezo yanayokaribia nusu ya thamani hiyo kwa mgongano wa kawaida tu. Nashuku hicho ndicho kilichomkwaza wakala wako, akaona ni rahisi kuusingizia umri wa mwenye gari. Kwa hiyo unapouliza kwingine, uliza maswali mawili tofauti: mna kikomo cha umri wa gari, na mna kikomo cha umri wa dereva? Majibu yake yasichanganywe.

Zipo pande mbili ambako umri wako unaweza kukugusa kweli. Upande wa kwanza ni kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai kabla kampuni haijaanza kulipa, ambacho mawakala hukiita eksesi. Baadhi ya kampuni huweka kiasi kikubwa zaidi dereva akiwa chini ya umri fulani au juu ya umri fulani. Hilo huandikwa ndani ya mkataba, halimo kwenye stika, na watu hulijua siku ya kudai. Wa pili ni bima ya ajali binafsi ya dereva, ile inayoambatanishwa na bima ya gari ili ikulipe wewe ukiumia. Hiyo mara nyingi ina ukomo wa miaka 65 au 70. Usikubali kulipia kipengele hicho kabla hujaonyeshwa kwa kidole mstari wa umri. Nimeona watu wakikilipia miaka mitatu mfululizo hali mkataba ulikwisha kuwatoa.

Nije kwa mwanao wa Dar es Salaam. Najua anataka kumsaidia mzee wake, na wazo lake ni la upendo, lakini naomba umkatalie.

Kwa miaka mingi nilikaa kwenye dawati la madai ya magari. Faili moja silisahau. Baba mmoja, umri kama wako, gari lilikuwa lake kwa kadi, lakini bima ilikuwa ya mwanawe, na kwenye fomu palipoulizwa nani ataliendesha paliandikwa jina la mwana peke yake. Saa moja jioni, kwenye makutano, akagongana na pikapu. Mwana alijaza fomu ya madai kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mtathmini alipoleta ripoti ya polisi, jina la dereva lilikuwa la baba, na maelezo yamesainiwa kwa mkono wake. Baba alikuja ofisini amebeba bahasha ya khaki yenye risiti za ada za miaka minne, zimepangwa kwa tarehe, hata moja haikukosekana. Akazitandaza mezani moja moja. Zote zilikuwa halali. Kampuni haikulipa shilingi, na kwa mujibu wa mkataba nilishindwa kupata hoja ya kumtetea. Risiti zilinunua bima ya dereva ambaye hakuwahi kuwa dereva.

Bima inasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu kabisa. Ifikirie kama mfuko wa kufa na kuzikana. Wanachama huchanga kwa kuaminiana kwamba kila mmoja ameandikisha watu wake wa kweli. Mtu akimwandikisha ambaye si wa nyumbani kwake, mchango wake utapokelewa kila mwezi bila neno, na siku ya msiba ndiyo daftari litafunguliwa. Kampuni nayo haichunguzi unapolipa. Inachunguza unapodai. Zaidi ya hapo, anayekata bima lazima awe na maslahi katika kitu anachokikatia, yaani kikiharibika iwe hasara yake. Kadi ya gari ina jina lako; mwanao hana hasara ya kudai.

Na kuna fedha mtakayoipoteza hata ajali isipotokea. Umesema hujawahi kudai. Hiyo ni mali. Makampuni hutoa punguzo kwa anayekaa mwaka baada ya mwaka bila kudai, na punguzo hilo ni la mtu. Bima ikihamia jina la mwanao, yeye anaanza sifuri. Nenda kwa kampuni iliyokukatia bima hadi sasa, uombe barua inayotaja miaka uliyokaa bila madai. Kwa mzee anayetafuta kampuni mpya, sijui karatasi yenye nguvu kuliko hiyo, isipokuwa moja nitakayoitaja hivi punde.

Kama mwanao huwa analiendesha gari akija likizo, mwandikeni kwenye fomu kama dereva mwingine, na wewe uandikwe dereva mkuu. Hapo yuko ndani ya bima na hakuna uongo.

Tufike kwenye jicho. Kwenye fomu ya maombi ya bima kuna swali linalofanana na hili: je, wewe au yeyote atakayeliendesha gari ana ulemavu au ugonjwa wa macho, masikio, moyo, kisukari au kifafa? Kuna kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Wakala mwenye haraka hutia alama ya hapana mwenyewe, kisha anakugeuzia ukurasa wa mwisho uweke sahihi. Sahihi ni yako, Mwalimu, ya kwake haipo. Mwaka ukienda salama, ana kamisheni yake. Ukigonga, atakuwa ameshahamia kampuni nyingine.

Fikiria ajali ya jioni. Umemgonga mtu wa bodaboda aliyetokea upande wa kushoto. Mtathmini anakuuliza ulimwona lini. Unasema hukumwona. Swali linalofuata ni kuhusu macho, na jalada lako la kliniki lipo. Kampuni ikigundua ulijua na ukanyamaza, inaweza kukataa kulitengeneza gari lako. Kwa yule aliyeumia mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa sheria za bima ya lazima ziliwekwa kwa ajili yake. Kwa mfano, sheria ya Kenya, Sura ya 405, inasema wazi kwamba kifungu cha mkataba kinachobagua kwa umri au hali ya mwili ya dereva hakiwezi kutumika kumnyima fidia mtu wa tatu. Lakini kampuni ikishamlipa yeye kwa sababu sheria imeibana, inaweza kukugeukia wewe uirudishie. Pensheni ya mwalimu haiwezi kubeba fidia ya mguu wa kijana.

Sasa linganisha na kusema ukweli. Mtoto wa jicho ni ugonjwa unaotibika, na jicho lako la kulia limeshatibiwa. Andika "ndiyo", kisha chini yake uandike: jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwaka jana, la kushoto liko chini ya uangalizi wa daktari. Ambatanisha barua ya daktari wa macho inayotaja kiwango cha uoni wako na kusema kama unafaa kuendesha. Hiyo ndiyo ile karatasi ya pili. Kampuni ikikukubali baada ya kuisoma, haiwezi tena kusema haikujua. Inaweza kukuongezea kiasi cha kubeba mwenyewe, inaweza kuweka sharti la miwani, na mara chache inaweza kukataa. Kukataliwa leo kuna maudhi, lakini kunakuacha na nafasi ya kujaribu kwingine. Kukataliwa ukiwa na gari lililopondeka uani hakuna pa kwenda.

Wakati unasubiri siku ya kliniki, jipime nyumbani. Uingereza hutumia kipimo ambacho hakihitaji mashine: mchana, ukiwa na miwani yako kama unavaa, usome namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Pima mita hizo kwa hatua, mtu akusimamie, na ufunike jicho moja kisha jingine ili ujue kila moja linakupa nini. Kama namba inasomeka kwa la kulia tu, umeshajua upande gani bodaboda atakuja usimwone. Ukishindwa kuisoma kwa macho yote mawili, gari likae hadi daktari aseme. Kwa bahati uko Moshi, na kliniki ya macho ya hospitali ya KCMC iko jirani.

Kuhusu kuchagua, nitakupa maoni yangu kama ningekuwa nawe sebuleni. Bima kubwa kwa gari lako inagharimu takribani shilingi 419,000 zaidi ya ndogo kwa mwaka. Likiharibika kabisa, kampuni hulipa thamani ya sokoni ya siku hiyo, hata kama kwenye fomu uliandika kubwa zaidi, kisha inakata kile kiasi chako. Kwa hiyo usimkubalie anayekushauri kuliandika gari milioni 20 "ili ulipwe vizuri". Utalipia ada ya milioni 20 na kulipwa ya milioni 13. Kama gari likipotea huna namna ya kununua jingine, na lina kazi ya kukupeleka hospitali, bima kubwa ina maana, mradi upate kampuni inayokubali umri wa gari. Ikishindikana, ipo ya katikati inayoongeza moto na wizi juu ya ile ndogo, na watu wengi huisahau kwa sababu mawakala hawaisemi. Kwa gari linalolala ndani ya geti na kutoka mara mbili tatu kwa wiki, mimi ningeiangalia kwa makini.

Ukibaki na ndogo, usiibeze, ila uliza jambo moja: kikomo cha kulipia mali ya mtu wa tatu ni shilingi ngapi? Ukigonga Land Cruiser mpya au ukivunja ukuta wa duka, kiasi kinachozidi kikomo ni chako. Mara nyingi kikomo hicho kinaweza kuongezwa kwa ada ndogo. Kwa mtu mwenye nyumba na shamba la kupoteza, hiyo ni fedha iliyokwenda mahali pake. Na kumbuka bima ndogo haikutibu wewe, kwa hiyo kadi yako ya bima ya afya iwe hai muda wote.

Kwa safari hii usirudi kwa wakala. Wakala anaiuzia kampuni. Dalali wa bima, yaani broka, kazi yake ni kukutafutia wewe, na ana makampuni kadhaa mkononi. Hakikisha amesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ukishalipa, hakiki stika yako kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA siku hiyo hiyo. Kampuni ikikukatalia bila sababu ya maandishi, au ikikataa dai unaloamini ni la haki, ipelekee barua kwanza, kisha ofisi ya kanda ya TIRA. Mgogoro wa dai wenyewe unaweza kuupeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Likifikia mtu kuumia au wito wa mahakama, usilijibu kwa simu wala kwa ushauri wa kuandikiwa kama huu wangu. Tafuta wakili, na usisaini chochote kabla hajakisoma.

Hukuuliza kuhusu usiku, lakini jicho lenye ukungu hutawanya mwanga, na taa za basi linalokuja kutoka Himo zinaweza kukufunika barabara nzima kwa sekunde kadhaa. Mpaka jicho la kushoto lishughulikiwe, safari zako ziishie kabla jua halijazama. Wiki hii chukua miadi ya kliniki. Barua ya miaka uliyokaa bila madai uiombe wiki ijayo. Ukishazipata zote mbili, nenda kwa dalali, na fomu uijaze kwa mkono wako mwenyewe.